Muulize Bibi: Jirani kaniambia nichimbe, nichimbe?

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Faribault, Minnesota, huu mwaka wa nne. Nafanya kazi ya usiku ya kuangalia wazee. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu, mzee wa Kimarekani mwenye roho nzuri sana, kuna kipande cha msitu kinachoshuka mpaka kwenye kijito. Mwezi huu wa Aprili chini kote kumetapakaa majani ya kijani yenye mabaka ya kahawia, na hapa na pale vimaua. Jirani kaniambia nije na koleo, nichimbe nipendavyo nikapande mbele ya nyumba. Sasa mwanangu wa darasa la tano karudi kutoka ziara ya shule kwenye hifadhi ya msitu ya Nerstrand, anasema kuna ua la aina hiyo ambalo haliko popote duniani ila huku tuliko, na mtu akilichimba anashtakiwa. Jirani anacheka, anasema majani hayo ya mabaka yamejaa kila msitu. Nani mkweli? Na kama ni lenyewe, nitalijuaje?
Mama wa wawili, Faribault

Marahaba mwanangu. Wote wawili ni wakweli, na hapo ndipo penye kazi.

Kwenye misitu ya kwenu mimea miwili hukaa pamoja, imechanganyikana kama mchele na chenga. Wa kwanza ni lili-trauti nyeupe, Erythronium albidum, ambayo jirani yako ameizoea tangu utoto. Hiyo ipo majimbo mengi, kutoka Minnesota kushuka mpaka Texas. Wa pili ni lili-trauti kibete, Erythronium propullans, na ndiyo aliyoisikia mwanao. Hiyo dunia yake nzima ni kaunti za Rice na Goodhue, na pembe ndogo ya Steele. Basi. Ukiendesha gari asubuhi unaweza kuizunguka dunia hiyo yote ukarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Trauti ni samaki wa maji baridi mwenye madoadoa ubavuni, na majani haya ndivyo yalivyo, ndiyo sababu ya jina. Kuna msomaji atakayeniuliza kwa nini sisemi yungiyungi kama kamusi inavyotaka. Sisemi kwa sababu yungiyungi nililolijua mimi ni lile linaloelea bwawani, na lile ni la ukoo mwingine kabisa. Nikikuandikia yungiyungi utakwenda kulitafuta mtoni ulowe bure.

Sasa kuzitambua. Nenda kwa jirani mchana wa jua, maana siku ya mawingu na baridi maua haya hujikunyata. Chuchumaa. Lili nyeupe ina ua linalozidi inchi moja, jeupe, petali sita zimepinda nyuma kama mtu aliyetupa kilemba kisogoni. Hesabu hiyo ya sita haibadiliki. Kibete ua lake halifiki hata upana wa sarafu ya senti kumi ya Marekani. Rangi yake ni waridi iliyopauka, kama kitambaa chekundu kilichofuliwa miaka mingi, na limeinamisha kichwa. Halafu hesabu petali: utakuta ua moja lina nne, jirani yake tano, la tatu sita. Mimi nimefundisha biolojia miaka thelathini, nikiwaambia watoto kwamba mimea ya ukoo wa lili huenda kwa tatu na sita. Siku niliyoliona ua hili lenye petali tano nilidhani limeliwa na mdudu. Nikatazama la pili. Tano tena. La tatu, nne. Nikacheka peke yangu.

Lakini sikia, kutambua huku ni kwa ua tu. Kwa jani, usijidanganye. Jani la kibete ni dogo kidogo, ila jani la lili nyeupe iliyo changa nalo ni dogo vilevile, na mabaka ni yaleyale. Na sehemu kubwa ya hilo zulia unaloliona ni mimea yenye jani mojamoja, ambayo mwaka huu haitoi ua. Inayotoa ua huwa na majani mawili. Kwa hiyo ukishika koleo ukachimba fungu la majani yasiyo na ua, hujui umechimba nini, wala jirani yako hajui. Mtaalamu mwenyewe akipita hapo hatathubutu kukuapia.

Nikuambie kinachofanyika chini ya udongo, maana huko ndiko kuna habari yenyewe. Mmea huu hukaa kwenye tunguu, kitu kama kitunguu chembamba kilichozama ardhini. Lili nyeupe hutoa vitawi vyake kwenye kitako cha tunguu, na kila kimoja huishia na tunguu jipya, kwa hiyo huongezeka bila shida. Kibete hana mambo hayo. Kitawi chake hutoka katikati ya bua, sehemu iliyofukiwa na udongo, kati ya tunguu na majani. Kitawi kimoja. Tunguu moja jipya. Tena ni mmea ulio kwenye ua peke yake unaofanya hivyo. Ule wa jani moja hujirudishia tunguu lake tu mwaka ukageuka, hauongezi mtu. Na mbegu? Mara chache sana. Lili nyeupe huzaa kifuko cha mbegu na sisimizi huja kuzibeba, lakini kibete maua mengi hukauka yakaanguka bila kitu.

Kwa hiyo ukiona ua moja la waridi, umeona uzazi wa mwaka mzima wa mmea ule, na uzazi wenyewe ni mtoto mmoja aliyeshikwa na uzi mwembamba chini ya ardhi. Ukichoma koleo, uzi ule unakatika kabla hata hujainua udongo. Na hata fungu linaloonekana kuwa na mimea mia huenda ni mmea mmoja uliojigawa polepole kwa karne nyingi, wote damu moja.

Hilo la kitawi si jambo la pembeni, ndilo lililolipa ua jina. Na hapa mwambie mwanao atembee kifua mbele, kwa sababu historia hiyo imeanzia mjini kwenu. Mwaka 1870 Mary Hedges, aliyekuwa mwalimu wa botania katika shule ya wasichana ya St. Mary's Hall hapo Faribault, aliokota mmea huu akaona haufanani na ule wa kawaida. Akaupeleka kwa Asa Gray, bingwa wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard. Gray akauangalia, akaona kitawi kinachochomoza kwenye bua, na mwaka 1871 akauchapisha kwa jina la propullans, yaani wenye kuchipuza. Mimi hupenda kumfikiria yule mwalimu. Watu wangapi walikuwa wamepita juu ya ua lile wakiona ni lilelile jeupe lililodumaa? Yeye akahesabu petali.

Wataalamu wanaona kibete ni uzao wa lili nyeupe, uliojitenga baada ya barafu kuu ya kale kurudi kaskazini na misitu kuota kwenye miteremko ya mto Cannon, mto Straight na vijito vyake. Kwa umri wa mimea, huyo ni mtoto wa jana.

Kuhusu kushtakiwa. Tangu 1986 serikali ya shirikisho imeliweka ua hili kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na jimbo la Minnesota nalo limeliweka kwenye orodha yake. Sheria ya jimbo inakataza kuuchukua mmea wa orodha hiyo, kuusafirisha au kuuuza bila kibali. Sheria ina mianya yake, hasa kwenye ardhi ya kilimo na mitaro ya barabarani, na jirani yako akitaka kubishana atapata pa kushika. Wewe usibishane. Ruhusa ya mwenye shamba ni jambo moja na kibali cha jimbo ni jingine, na mgeni mwenye koleo mkononi haoni raha kueleza tofauti hiyo.

Ninayokushauri ni haya. Rudi kwa jirani na kipande cha keki, mwambie nimetumwa na Bibi tuangalie pamoja. Mkiona maua madogo ya waridi, pigeni picha yenye sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha apige simu Idara ya Maliasili ya jimbo, ile wanayoiita DNR. Hawaji kumnyang'anya ardhi, hiyo ndiyo hofu ya kwanza ya wazee wengi wenye msitu. Mengi ya makao ya ua hili yako kwenye ardhi ya watu binafsi, na yamedumu kwa sababu kulikuwa na mzee kama huyo aliyeamua asilime mpaka kijitoni.

Kama unataka ua la namna hii mbele ya nyumba, nunua. Yapo mashamba ya miche ya mimea ya asili yanayouza lili nyeupe. Uliza swali moja kabla hujatoa pesa: haya matunguu mmeyakuza wenyewe, au yamechimbwa porini? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mwage kwaheri. Ukitaka ua la haraka zaidi kuna aina ya njano iitwayo 'Pagoda', chotara la jamaa zake wa magharibi, linalokubali bustani bila madai. Panda vuli, chini ya mti unaopukutisha majani, kisha uwe na subira: lili nyeupe inaweza kukaa miaka kadhaa ikikuonyesha jani mojamoja tu, usidhani umetapeliwa.

Na usinione mtakatifu. Mwaka wangu wa pili Minnesota, nilikokuja kumfuata binti yangu aliyejifungua, niliungana na kikundi kilichokuwa na kiongozi wa kujitolea. Nilipoonyeshwa ua la kwanza nilisahau umri. Nikatupa begi langu nyuma, nikapiga magoti na miwani puani. Nikalitazama ua lile mpaka miguu ikafa ganzi. Niliposimama, yule dada kiongozi hakusema neno, akainua begi langu taratibu. Chini yake yalikuwa majani matatu, yamelala, moja limevunjika shingo. Nikamwuliza, yatainuka? Akaniambia mawili huenda. Lile la tatu ndiyo basi kwa mwaka huu, kwa sababu mmea huu una wiki chache tu za kula jua, kuanzia theluji iyeyuke mpaka miti ya mepo (maple) ifungue majani na kivuli kishuke. Ifikapo mwanzo wa Juni juu ya ardhi hakuna kitu. Jani likivunjika Aprili, tunguu linalala njaa mpaka Aprili nyingine, na linarudi dogo. Nilikuwa na thermos ya chai na vitumbua kwenye begi lile. Sikuvila.

*

Bibi, naomba unisaidie. Nilijitolea siku ya usafi kwenye msitu mmoja huku Northfield, wakatuambia tusimwage minyoo ya chambo kwa sababu inaua maua ya msituni. Mimi ni mtoto wa mkulima, nimelelewa nikiambiwa mnyoo ni rafiki wa udongo. Wametudanganya?
Mvuvi wa Jumamosi

Hawakudanganya, na wala baba yako hakudanganya. Mnyoo shambani ni rafiki. Tatizo ni kwamba Minnesota haina minyoo ya asili ya ardhini. Yote iliyopo imeletwa, kwenye udongo wa mimea ya wahamiaji kutoka Ulaya na siku hizi kwenye makopo ya chambo. Misitu ile ilikua maelfu ya miaka baada ya barafu bila mnyoo hata mmoja, kwa hiyo majani yaliyoanguka yalioza polepole sana kwa kazi ya kuvu na vijidudu, yakajenga godoro laini unaloweza kulibonyeza kwa kiganja. Maua ya masika, kibete akiwemo, yanaishi ndani ya godoro hilo.

Mnyoo akiingia analila. Ukitaka kuona kwa macho, tafuta mahali mwezi Septemba ambapo chini ya mepo kubwa kuna udongo mtupu mweusi na mizizi imekaa nje kama mishipa ya mkono wa mzee, hakuna mche, hakuna jani la mwaka jana. Hapo minyoo imekwisha kazi. Tena haisafiri mbali yenyewe, mwendo wake ni wa yadi chache kwa mwaka. Anayeirusha maili ni mvuvi anayemaliza siku yake, anaona huruma kuiua, anaimwaga kichakani. Iliyobaki irudishe nyumbani, au itie kwenye pipa la taka. Huruma yako ipe samaki.

*

Shikamoo mwalimu. Mwanzoni mwa njia ya msituni kuna brashi zimefungwa chini kwenye ubao, wanangu wanazichezea. Ni za nini hasa?
Baba Tatu

Marahaba. Ni za viatu, na waache wazichezee, ila wasugue soli. Kuna mmea mmoja wa Ulaya, wa jamii ya haradali, ukiufikicha unanuka kitunguu saumu. Uliletwa kama mboga na dawa, ukatoroka bustanini. Mbegu zake ni ndogo na nyeusi, hunasa kwenye matope ya kiatu, na zikishafika udongoni zinaweza kukaa miaka kadhaa zikisubiri. Unaota mapema sana, saa zilezile za jua la lili, unaifunika. Kichaka cha bakthoni (buckthorn) nacho kimeletwa vivyo hivyo, huwahi kuchanua majani na huchelewa kuyaangusha, kwa hiyo kinaiba mwanga mwanzo na mwisho wa msimu. Sugueni mnapoingia na mnapotoka. Watu wengi husugua wakitoka tu, wakilinda zulia la gari.

*

Bibi, mimi ni mpiga picha, natoka Minneapolis. Nataka picha ya hilo ua dogo. Niende wapi na lini, na nilale chini au nisilale?
Jicho Moja

Usilale. Tuanzie hapo.

Nenda Nerstrand Big Woods, hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa 1945 kuokoa kipande cha ule msitu mkubwa uliokuwa umefunika sehemu hii ya Minnesota kabla haujageuzwa mashamba ya mahindi. Au nenda kituo cha mazingira cha River Bend pale Faribault. Kote kuwili kuna njia za watembeao ambazo ua linaonekana bila kutoka nje ya njia hata hatua moja. Wiki ya mwisho ya Aprili na ya kwanza ya Mei ndizo za kubahatisha vizuri, lakini theluji ikichelewa ua nalo huchelewa. Piga simu hifadhini kabla hujajaza mafuta, uulize kama yameshachanua. Wanaulizwa swali hilo kila siku msimu ule na hawachoki.

Kuna maeneo mengine yaliyotengwa kwa ajili yake, mojawapo lina jina lake kabisa, Cannon River Trout Lily, chini ya mpango wa maeneo ya kisayansi ya jimbo. Hilo halina njia za watembeao, na kwa maoni yangu mpiga picha hana shughuli nalo. Ukipata picha, usiandike mahali penyewe palipo na ua. Andika jina la kaunti, inatosha.

Chukua lenzi ndefu ili usimame njiani na ua likusogelee lenyewe. Kifaa cha miguu mitatu kiweke kwenye njia, mguu mmoja usitoroke pembeni. Nenda kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, petali zikiwa zimefunguka. Kwa kuwa ua linainamisha uso, utapata mgongo wake kuliko sura. Watu huja na vioo vidogo kwenye fimbo wakavipitisha chini ili waone chavua. Mimi nimeona fimbo moja ikifyeka majani manne kwa ajili ya picha moja. Piga mgongo. Mgongo wake una rangi nzuri kuliko uso, waridi imekolea pale kwenye kikonyo halafu inafifia ikishuka.

Sarafu ya kupimia usiiweke chini. Na begi liache garini.